Kisa cha nyumba ya Gongoni: makesha matatu, kopo la vifundo na mlango uliokuwa unashika watu

Nilipigiwa simu Jumapili jioni, mwanzoni mwa Julai, na mama mmoja wa Gongoni, hapa Tabora mjini, ambaye niliwahi kumbadilishia soketi za nyumba nzima. Safari hii hakutaka soketi. "Fundi, uje uniangalizie umeme wangu," alisema, "ila usije peke yako." Nikamuuliza kwa nini. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limemwishia. "Wewe njoo tu."

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Ukidumu kwenye kazi hii utaitwa kwenye nyumba ambazo shehe keshasoma, mchungaji keshakemea, mganga keshachinja, na hali ni ileile. Fundi huitwa wa mwisho, labda kwa sababu ndiye pekee anayeandika risiti. Naandika kisa hiki kwa ajili ya vijana wanaokesha kwenye magofu, simu mkononi, wakitafuta mizuka, kisha wananiuliza: utajuaje kwamba hii ni dalili na hii siyo? Jibu la jumla sina. Nina nyumba moja, makesha matatu na daftari.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ya zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Kuta ni za matofali mabichi yaliyopigwa plasta, bati limeshashika kutu, silingibodi imelegea chumba hadi chumba. Uani kuna mwembe mkubwa ambao matawi yake yamevuka ukuta na kuingia kwa jirani. Wanaishi mama mwenyewe, ambaye ni mjane, baba mkwe wake ambaye ni mzee sana, binti wa kidato cha nne aliyekuwa likizo, na mjukuu wa kiume wa miaka saba. Wapangaji wawili walishahama, mmoja bila kudai kodi aliyolipa mbele. Hilo peke yake lilinionyesha kwamba mambo ni mazito.

Nilimsikiliza kila mmoja peke yake, wengine wakiwa uani. Ukiwasikiliza pamoja, wa kwanza akisema "nyayo", wa pili naye atasema nyayo, na wa tatu ataziongezea viatu.

Mama alisema: magharibi ikiingia tu kuna mtu anatembea juu ya bati. Baadaye, usiku kucha, kuna mtu anakoroma darini. Na chumba cha nyuma, anakoweka mahindi, kina harufu ya maiti. Binti alisema anakabwa usiku, amekabwa mara nne ndani ya wiki mbili, anaamka hawezi kusogeza hata kidole na kuna mtu mrefu mweusi kasimama miguuni pake. Pia taa ya ukumbini inabaki na mwanga hafifu hata ukiizima. Mjukuu hakusema mengi, ila kwamba mlango wa chuma wa uani "unanishika mkono". Mzee alisema kuna mtoto analia kwenye mwembe, kisha akacheka na kusema anayemsumbua zaidi ni magoti.

Halafu mama akaingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vifundo saba vyeusi, kila kimoja kama dole gumba, vimekauka. Vilikuwa ni nywele zilizosokotana, na kati ya nywele vijiti vyeupe vyembamba. Akanionyesha kwa msumari, bila kugusa. Ilikuwa mifupa.

"Ona alichonitupia."

"Nani, mama?"

Hakutaja jina. Aliinua kidevu tu kuelekea ukuta wa kulia.

Upande ule anaishi bibi mmoja, peke yake na paka zake. Anapikia kuni kwenye kibanda kisicho na dirisha, na macho yake ni mekundu kama ya kila mtu aliyepuliza moto wa kuni miaka hamsini. Msomaji wa Tabora, Shinyanga au Mwanza hahitaji nimwongezee kitu hapo. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa ndani yake. Lakini sheria iko kwenye kabati na panga liko mvunguni. Mama alikuwa ameshawaita lambalamba, wale wasaka wachawi wa kuzunguka ambao Kigoma wanaitwa kamchape. Wangefika Jumapili iliyofuata.

Kwa hiyo tulikuwa na wiki moja. Na hapo ndipo ninapotofautiana na mpwa wangu na wenzake, ambao kwao dalili ni mwisho wa safari: wakiipata wanapiga picha, wanarusha, wanarudi kulala. Kwetu dalili haikai ukutani. Inashuka, inavuka uani, inakwenda kuketi kwa jirani fulani. Ndiyo maana inahitaji kuhojiwa kabla haijapewa jina.

Nilimchukua mpwa wangu, anayesoma chuo na aliyefurahi kama amealikwa harusini, na rafiki yangu mwalimu wa fizikia wa sekondari. Tulifika Jumatatu mchana. Hili la mchana nalisisitiza. Nyumba usiyoijua mchana, usiku itakudanganya kila kona.

Mpwa alishaamua mzuka wake kabla hajashuka kwenye bodaboda. Alisoma mahali kwamba Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wajerumani wakaondoka, kwa hiyo anayetembea juu ya bati ni askari wa Kijerumani aliyeachwa nyuma. Nilipomkumbusha kwamba bati lenyewe ni la juzi, akahamia kwa wapagazi wa misafara waliofia njiani na pembe za ndovu mabegani. Mama alikuwa na jini la kutumwa. Mchungaji aliyekuja kabla yetu alikuwa na pepo la mababu. Kila mtu alikuja na mzuka wa saizi yake. Aliyetushangaza ni mzee. Nilimuuliza, naye Mnyamwezi wa kuzaliwa, kama hii si mizimu. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kama ng'ombe hutaga. "Mzimu ni wa ukoo, mwanangu. Una jina, una kaburi. Ukikutaka unakuja ndotoni au unampa mtoto homa mpaka mkumbuke kutambika. Atembee juu ya bati anatafuta nini?"

Kabla ya kuwasha kifaa chochote nilimuuliza binti swali moja: "Kichwa kinakuuma?" Akasema kinamuuma kila asubuhi. Kinaisha saa ngapi? Akishatoka kufagia uwanja. Unalala na jiko la mkaa? Ndiyo, baridi ya mwezi wa saba, analiingiza saa tatu, anafunga dirisha, analiacha lizimike lenyewe.

Hapo niliacha kila kitu nikalitoa lile jiko mwenyewe. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko inavyofanya oksijeni. Kidogo chake kinaleta kuumwa kichwa, kichefuchefu, masikio kuvuma, na kwa wengine kuona na kusikia visivyokuwepo. Kikizidi, hamna asubuhi. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiojulikana ndani ya nyumba yao mpya, mpaka ikagundulika tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na moshi wake unaingia vyumbani. Kila nikisikia "nyumba ina mzuka", kitu cha kwanza ninachotafuta ni jiko. Kichwa kinachouma ndani na kupona nje ni dalili kubwa kuliko sauti yoyote utakayorekodi.

Kukabwa kwenyewe ni jinamizi, na jinamizi halihitaji jiko. Ubongo unaamka wakati misuli ingali imefungwa kama inavyofungwa mtu anapoota, ili asirushe mateke. Sekunde chache, au dakika moja au mbili, mtu anaona chumba chake halisi na ndoto juu yake. Kulala chali huongeza. Usingizi mbovu huongeza, na binti alikuwa analala kwa hofu, chali, akisikiliza bati. Sikumwambia "ni ndoto tu". Aliyewahi kukabwa anajua hiyo "tu" haina mahali pa kukaa. Nilimwambia alale ubavu, dirisha wazi, blanketi mbili.

Mlango wa chuma ndio uliotufikisha jioni. Mchana niliushika mara tano, kimya. Nikamwita mjukuu. "Unakushika saa ngapi?" Usiku, nikienda chooni. "Umevaa ndala?" Hapana. Nikasubiri giza. Mama akawasha taa ya nje kama kawaida yake, nikagusa fremu kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, nayo ikawaka. Mita ilisoma voliti 90 kati ya mlango na sakafu ya uani iliyokuwa imetoka kumwagiwa maji.

Sikupumua vizuri kwa muda. Waya wa taa ya nje ulipitishwa kwenye tundu la fremu bila bomba, na kwa miaka mlango ulivyokuwa ukifunguka na kufunga, ulikwangua gamba la waya mpaka shaba ikabaki uchi, imeegemea chuma. Nyumba haikuwa na ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Fimbo ya shaba ambayo ingetakiwa kuchimbiwa ardhini aliyefunga umeme hakuiweka kabisa. Ukivaa ndala, husikii. Ukiwa miguu mitupu kwenye simenti iliyolowa, unashikwa. Na kwa kuwa taa ya nje huwashwa jioni, mlango ulikuwa "na jini" usiku peke yake. Nilikata waya ule palepale.

Angalia hesabu hiyo. Vitu viwili ndani ya nyumba ile vilikuwa na uwezo wa kuua, jiko na mlango. Kuhusu jiko hakuna aliyesema neno mpaka nilipouliza, na kuhusu mlango alisema mtoto, akaambiwa aache utundu.

Taa ya ukumbini ilikuwa kazi ya dakika kumi. Swichi ilikuwa inakata nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya laini ya moto, waya unaouleta, kwa hiyo balbu ya LED ilikuwa inaonjeshwa umeme kidogo hata ikizimwa. Balbu za zamani za waya zisingeonyesha chochote. Hizi mpya zinaridhika na tone. Nikageuza waya, giza likawa giza.

Sasa kesha. Masharti yetu yalikuwa machache. Kila mtu na daftari lake na chumba chake, tunabadilishana kila saa mbili. Ukisikia kitu unaandika saa, upande na kilivyosikika, bila kukipa jina: unaandika "ta", huandiki "nyayo". Hakuna kuulizana "umesikia?" mpaka asubuhi. Mpwa alinung'unika kwamba hivi si kuwinda, ni mtihani wa taifa.

Daftari langu la usiku wa kwanza linaanza hivi: saa 1:10, ta, magharibi ya paa. Saa 1:12, ta ta. Saa 1:13, ta, katikati. Saa 1:20, ta ta ta, kuelekea mashariki. Nakiri mwili ulinisisimka. Kwa kweli zilikuwa nyayo, za mtu asiye na haraka. Zikapungua, na saa 3:40 zikakoma. Mwalimu alikuwa ametundika kipimajoto cha maabara chini ya bati: nyuzi 34 saa kumi na mbili jioni, 19 saa nne usiku. Bati la mita 3 likipoa nyuzi 15 husinyaa kama nusu milimita. Ni kidogo, lakini misumari imelishika, kwa hiyo linavuta, linavuta, kisha linaachia kwa mkupuo, bati hadi bati, kufuata linavyopoa. Ndiyo miguu hiyo. Kilichotushawishi ni asubuhi iliyofuata: saa mbili, jua lilipogonga paa, nyayo zilianza tena, sasa zikitoka mashariki. Zimekuwa zikitembea kila asubuhi miaka yote. Asubuhi kuna redio, kuna watoto, kuna muuza mihogo, nani atasikiliza bati?

Mkoromo ulianza saa tano kasorobo. Madaftari yote matatu yaliuandika, na yote yaliuweka juu ya chumba cha mahindi. Ulikuwa mrefu, mkavu, kama mzee mwenye pumu anayevuta hewa kwa tabu, na haukuwa wa mtu mmoja. Mwalimu aliandika "wawili au zaidi, wanapokezana". Mtoto wa kwenye mwembe alilia saa nane na dakika tano. Nilipomulika, macho mawili makubwa ya rangi ya chungwa yaliruka tawi hadi tawi. Komba. Kama hujawahi kumsikia komba usiku, usimcheke mtu aliyedhani ni kichanga.

Usiku wa pili mpwa aliomba apewe nafasi ya vifaa vyake. Simu yake ina programu inayopima usumaku, na ilipiga kelele kwenye ukuta wa ukumbi. Nikamwonyesha upande wa pili wa ukuta: mita ya umeme. Ikapiga kelele tena kitandani kwa binti: springi za godoro. Kisha picha. Alipiga kumi kwa flashi kwenye chumba cha nyuma, na kwenye sita kati yake kulikuwa na duara nyeupe zinazoelea. Hapo mwalimu akakung'uta mkeka uliokuwa mlangoni, akamwambia apige tena. Ilijaa duara mamia, kama kongamano. Vumbi la Julai likiwa karibu na kioo cha kamera, flashi inalifanya kila chembe kuwa mbalamwezi.

Sauti ilikuwa ngumu zaidi, na nilimheshimu mpwa wangu kwa kukubali jaribio. Aliacha simu ikirekodi kwenye chumba cha mahindi, na kwenye dakika ya 41 alisikia wazi: "Toka!" Akanisikilizisha, nami nikasikia "toka". Bila shaka nilisikia, alikuwa keshaniambia. Asubuhi tukawapa watu watano karatasi, wasikilize mmoja mmoja bila kudokezwa chochote. Tulipata "soka", "joka", "hhok", "mbona", na karatasi moja tupu. Friedrich Jürgenson wa Sweden alirekodi ndege mwaka 1959, akasikia watu wakimsemesha kwenye kanda, na tangu hapo wapo wanaowarekodi wafu usiku hadi usiku. Sikio la binadamu haliwezi kuacha kelele iwe kelele. Kama ungependa kujua sauti yako ni sauti kweli, mpe mtu asiyejua unachotarajia. Mpwa alifuta ile rekodi mwenyewe, ingawa nadhani ana nakala.

Ili tusisinzie, mwalimu alitusimulia habari za Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, Uingereza, aliyeona kivuli cha kijivu kwenye maabara aliyofanyia kazi, akaja kugundua feni iliyokuwa ikitikisa hewa kiasi cha mara 19 kwa sekunde, mtikisiko wa chini mno kwa sikio lakini mwili unausikia. Aliandika matokeo yake mwaka 1998. Tulizunguka tukitafuta chetu. Kwetu hakukuwa na feni wala friji, kwa hiyo tuliendelea na chai.

Saa mbili kasoro usiku huohuo wa pili, kabla ya hayo yote, ndipo kilipopita. Mpwa alikuwa uani. Kitu cheupe, kikubwa, kisicho na sauti kabisa, kilitoka kwenye mwembe, kikapita juu ya kichwa chake, kikaingia kwenye tundu la pembe ya ukuta chini ya paa. Alipiga yowe lililofika mpaka kata ya Kanyenye. Daftari lake ukurasa ule lina neno moja, na siliandiki hapa.

Asubuhi nilichukua sahani, maji ya vuguvugu na sindano ya kushonea, nikaomba kopo. Mama alisita. Nikamwambia nikifa ada yangu aipeleke kwa mke wangu. Nikaweka kifundo kimoja majini, tukasubiri, binti ameinama karibu kuliko mama alivyopenda. Zile nywele zilianza kulegea na kuachana. Si nywele za mtu. Ni manyoya mafupi ya kijivu. Ndani yake nikatoa taya dogo kuliko kucha, kisha fuvu zima, safi kana kwamba limeoshwa, na mbele yake meno mawili marefu ya rangi ya chungwa. Binti akasema kabla yangu: "Panya!" Kifundo kile kilikuwa na panya wawili na kirukanjia mmoja, tulimjua kwa meno yake meupe yenye ncha. Hakukuwa na uzi, hirizi wala nywele ya mtu.

Bundi humeza windo zima. Nyama inayeyuka, manyoya na mifupa havisagiki, vinafinyangwa tumboni kuwa kifundo na kutapikwa. Yule mweupe mwenye uso kama moyo, anayependa kukaa kwenye majengo, anavitapika mahali anapopumzikia, na huyu wetu alikuwa akipumzikia tawi la mwembe lililovuka ukuta. Ndiyo maana vifundo vilikutwa chini ya ukuta wa bibi.

Nilipanda darini na tochi. Makinda matatu, manyoya ya pamba, yakapanua mabawa na kunikoromea usoni. Pembeni, panya wanne waliokufa wamelazwa akiba, mmoja ameshaoza. Fumbo la mkoromo na la harufu ya maiti likaisha papo hapo.

Nilishuka nikidhani nimemaliza kazi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno. "Bundi! Kumbe ni bundi! Si nilikwambia?"

Hapo niliona nilivyokosea. Nilitafuta sababu ya asili nikaileta mbele ya mtu ambaye kwake sababu yenyewe ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Bundi juu ya nyumba ni kifo, kila mtoto anajua. Mwalimu akaanza kueleza, akaishia njiani. Aliyetuokoa ni mzee, bila kuinuka kwenye kigoda. "Mkwe wangu, mahindi umeyaingiza chumba kile lini?" Mwezi wa tano mwishoni. "Na panya?" Walianza hapohapo. "Na mkoromo?" Mama akahesabu kwa vidole. Mwezi wa sita katikati. Mzee akatema kijiti cha meno. "Basi bundi umemwita wewe, kwa magunia kumi na mawili. Jirani hana hata debe."

Mama hakucheka. Alikwenda kuangalia magunia.

Usiku wa tatu nilitaka kuumaliza mlango wa chumba cha mahindi, ambao mama alisema huukuta wazi alfajiri. Tulinyunyiza unga wa sembe sakafuni, tukafunga uzi kwenye fremu. Saa kumi na moja alfajiri uzi ulikuwa umekatika, mlango wazi kwa shibiri mbili, unga haukuguswa ila na mende. Bawaba zimelegea, kitasa kimekwisha meno, na paa lina tundu la kupitisha upepo. Lolote kati ya hayo lingetosha. Nilijaribu kuurudia mara kadhaa kwa kusukuma, kwa kupepea, kwa kuruka sakafuni, haukufunguka. Daftari langu hapo linasema "bado". Mpwa wangu anaupenda ukurasa huo kuliko yote. Mimi nilibadilisha kitasa.

Ijumaa mama aliwapigia lambalamba kuwaambia wasije. Sidhani ni fuvu la panya lililomgeuza. Nadhani ni binti kulala vizuri siku nne mfululizo na kuamka bila kichwa kumuuma, na mjukuu kufungua mlango wa uani miguu mitupu bila kulia. Alinilipa nusu, nusu nyingine baada ya kuuza mahindi. Niliomba makinda yaachwe mpaka yaruke. Alikubali kwa sharti kwamba nisimwambie mtu mtaani.

Septemba nilirudi kuziba tundu kwa wavu wa kuku na kuchimbia ethi. Dari lilikuwa kimya. Mama alilalamika kwamba tangu bundi waondoke, panya wanachezea magunia mchana kweupe, hata sumu wameizoea. Nilikuwa juu ya ngazi, namsikia nusu nusu. Nikamsikia akimwita mjukuu: "Nenda kwa bibi hapo. Mwambie shikamoo, mama anaomba kile kipaka cha madoa."

Mtoto alirudi nacho amekikumbatia. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza tumbo juu kuangalia ni dume au jike, akaenda kukifungia na mahindi.